Kikuku Nilichokifungua Mwenyewe

Mkono wangu wa kushoto ni mtupu, na watu wanauliza. Fundi wa vikuku, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Ilomba, Mbeya, nyumba iliyotokana na waya wa shaba tu, yeye mwenyewe hana hata kimoja? Huwa siwajibu. Leo najibu, halafu tusirudie.

Baba yangu alikuwa fundi wa vikuku kule Kilolo. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini barazani kwake nilikaa miaka. Kikuku chetu si cha kuyeyusha wala cha kugonga nyundo. Unachukua singa za mkia wa ng'ombe, unazikusanya zifikie unene wa kijiti cha kiberiti, kisha unazizungushia waya mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko, unabana hadi singa zisionekane. Siku hizi wanaita sanaa. Sisi tuliita kazi.

Na hakikuwa kikuku mpaka kifungiwe mkononi mwa mwenyewe. Baba alikuja nacho kikiwa wazi, kama kamba fupi. Akakuzungushia, akasuka singa za ncha hii na za ncha ile, akapitisha waya juu ya maungio mpaka usijue kilianzia wapi. Mwisho wa waya aliukata kwa meno, maana koleo, alisema, huacha jino. Ndevu zake zilikuwa zinakuchoma kiganjani. Muda wote huo amekushika mkono, anakuuliza habari, hata kama habari zako anazijua zote. Akimaliza, basi, hakivuliwi. Unalima nacho, unazaa nacho.

Changu alinifungia nikiwa msichana. Singa zilitoka kwenye mkia mweupe wa ng'ombe niliyekuwa namkamua mwenyewe.

Kuzungushia waya alinifundisha. Kufunga alikataa. Akifika pale alikuwa ananigeuzia mgongo, na nikimwomba ananiambia, "Ukijua kufunga utaondoka."

Niliondoka bila kujua. Reli ilikuwa inajengwa, Mbeya ilijaa watu, na vipande vya waya vilikuwa vinapatikana kuliko kwetu. Siku ya kuondoka nilimkuta baba anagema ulanzi kwenye mianzi yake. Nikamuaga. Hakuinua kichwa.

Sokoni wateja hawakukosekana. Kulikuwa na wanawake wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao Usangu, na wachimbaji wa Chunya waliotaka kurudi kwa wake zao na kitu mfukoni. Shida ilikuwa vikuku vyangu. Baada ya wiki mbili mwisho wa waya unafumuka, unararua nguo, unakwaruza mtoto mgongoni. Mama mmoja wa Kisukuma alinirudishia chake mbele ya watu.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chao, "umeniuzia kikuku au mwiba?"

"Umekivuta, mama."

"Nimekivuta! Nimemkamua ng'ombe nikiwa nacho, akanipiga teke. Hata ng'ombe amekukataa!"

Watu wakacheka, na mimi nikanuna.

"Tazameni anavyosusa! Ninyi Wahehe mmezaliwa mmenuna." Kisha akanishika mkono, akakizungusha cha baba taratibu kwa kidole. Akaacha utani. "Hiki hakichomi. Aliyetengeneza hiki ni fundi. Sasa wewe ni nani?"

Nilirudi Ilomba mchana ule ule, nikaketi kitandani, nikachukua msharasi, nikakifungua kile alichonifungia baba.

Nikaona. Mwisho wa waya wa baba ulikuwa unarudi nyuma. Mimi nilikuwa nauchomeka kule kule unakoelekea. Yeye aliukunja ukapita chini ya mizunguko mitano iliyotangulia, ukaenda kulala ndani ya singa. Kila ukiuvuta ndivyo unavyojibana. Kitu kidogo hivyo! Nilikikosa miaka yote kwa sababu ya mgongo wa mtu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikataka kukirudisha. Maungio yanataka mikono miwili, na mmoja ndio unaovishwa. Nilijaribu kwa meno. Nilijaribu kubana kwa magoti. Fundi hajifungii mwenyewe. Hilo nililijua tangu utoto, nikalisahau kwa hasira ya siku moja.

Jirani angeweza kunifungia nikimwelekeza. Sikutaka jirani. Nilitaka mikono ile, ndevu zile, na maswali yale anayojua majibu yake. Nilitaka hivyo miaka miwili na sikwenda. Vikuku vyangu sasa havikuchoma, vikauzika hasa, nikanunua kiwanja. Lakini pale kikuku kilipokaa ngozi ilikuwa imebaki na weupe, kama pete. Nikawa naiangalia pete ile kila asubuhi nikinawa. Jua la sokoni likawa linaifuta. Ilipobaki kidogo tu, nikapanda basi la Iringa na kikuku changu kimekunjwa kwenye leso.

Kwetu hapakuwa kwetu tena. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama dukani. Niliulizia mpaka nikamkuta baba nje, kajifunika blanketi, macho yameingia ukungu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene." Kisha akanyoosha mkono. "Lete hapa."

Nikampa mkono wa kushoto. Akaupapasa, akarudia kuupapasa.

"Kimekatika?"

"Nimekifungua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona mwisho wake."

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia?"

"Hapana. Ungeondoka."

"Niliondoka hivyo hivyo, baba."

Akacheka kwa pua, nami nikacheka, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Akataka kunifungia. Singa alizikamata, akazisuka vizuri, vidole vilikuwa vinakumbuka. Waya ndio ulimshinda. Akipitisha unateleza, akibana unanichoma. Mara ya tatu akauweka chini.

"Imenitangulia hii mikono," akasema.

Nikamwambia tupumzike, tutajaribu kesho. Akakataa. Aliniuliza kama nimekuja na waya mwingine, na waya mimi sikosi; singa zake zilikuwa ndani. Akavuta blanketi, akatoa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyevifungia vikuku vijiji vizima hakuwahi kuvaa hata kimoja, maana nani angemfungia?

"Fundi wa mjini, tuone."

Nilitengeneza pale pale mpaka jua likageuka. Nilipofika kwenye maungio akanisikia nimenyamaza, akanigombeza. "Niulize habari! Mtu akijibu, mkono unalegea. Wewe unafikiri nilikuwa nauliza za nini?"

Nikamuuliza mahindi vipi, mvua vipi, ulanzi unatoka. Akajibu yote. Nikageuza mwisho wa waya, nikaurudisha chini ya mizunguko mitano, nikakata kwa meno. Akapitisha kidole gumba pale, mbele, nyuma. Hakusema kizuri. Alisema, "Sipaoni," na kwa mtu wa macho yale ilikuwa haki yake kusema hivyo, lakini mimi nilijua anakisemea kidole.

Alizikwa nacho. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kitolewe kwanza. Nikamwambia ajaribu. Aligeuzageuza, akauacha mkono wa baba.

Changu kiko kwenye kopo la kahawa, kingali wazi. Wasichana niliowafundisha ni wengi, na kila mmoja anajua kufunga, maana mimi sikumgeuzia mtu mgongo. Wameniomba wanifungie. Nimekataa, na wasiniulize tena. Siku za baridi nakitoa, nakilaza mkononi, naziunganisha zile ncha mbili kwa kidevu. Shaba inaanza kupata joto. Nikiinua kichwa tu, kinaachia.