Siku Niliyomkimbiza Masika Kilimani

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya vita, mwanangu, nilipomharibia mtoto matembezi kwa sababu ya redio. Nilikuwa kijana hapa Butembo, baba wa mtoto mmoja na nusu, maana mke wangu alikuwa mjamzito na baada ya misa alitaka kulala kidogo. Akanikabidhi binti yetu Masika, mwenye miaka minne, nimpeleke kilimani nyuma ya mtaa, kwenye mikaratusi. Mbali zaidi ya hapo hatukuthubutu kwenda.

Wewe unao watoto wadogo, unaujua mwendo wao. Masika alisimama kwa kila kitu. Alichuchumaa kutazama sisimizi wakivuka njia, akaokota vikofia vya mbegu za mikaratusi na kuvipanga juu ya jiwe, akanusa vidole vyake, akataka na mimi ninuse. Harufu ilikuwa nzuri, leo nakiri. Siku ile niliwaza habari za saa sita tu, kwani wanaume wa mtaa tulikusanyika kwa jirani kusikiliza vita vimefika wapi. Nilimwita, nikamvuta mkono, hakusogea. Basi nikatoa neno ambalo wazazi wengi tulilitumia siku zile ili watoto waoge, wale, walale: "Basoda banakuya," yaani askari wanakuja.

Masika aliacha mbegu zake akakimbia. Alikimbia mpaka nyumbani bila kulia, na alipofika gauni lake la misa lilikuwa limelowa mkojo. Mimi nikaiwahi redio kwa jirani.

Tangu hapo hakuvuka mlango. Mtu akibisha hodi, Masika aliingia chini ya kitanda. Siku ya nne mama yangu, aliyekuwa amekimbia shamba lake upande wa Kasugho na kuishi nasi, aliniuliza mtoto amepatwa na nini. Nikamweleza huku nikicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Vita ilishatunyanganya mashamba," akasema. "Sasa na wewe unanyanganya mutoto mulima?"

Niliona haya, mwanangu, haya ambayo hadi leo haijaniisha. Nikapiga magoti mbele ya kitanda. Sisi wanaume wa rika langu hatukuzoea kuwaomba watoto msamaha, na ulimi ulikuwa mzito kweli.

"Masika, baba alikudanganya. Basoda hapana kuwa pale. Siku banakuya kweli, nitakuambia, na nitakubeba."

Akatoka chini ya kitanda, akanipa mkono.

Jumapili iliyofuata tuliishia kwenye mkaratusi wa kwanza. Asubuhi nzima, mti mmoja! Habari za redio zikanipita, na sikufa. Nilichuchumaa mpaka magoti yakauma, nikaonyeshwa sisimizi aliyebeba bawa la kipepeo, nikanusa kila kidole nilicholetewa. Kwa kweli nilifurahi kuliko siku yoyote tangu vita vianze.

Kisha, miezi kadhaa baadaye, tukiwa palepale, risasi zikalia ng'ambo ya kilima. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Masika, leo ni kweli." Hakuuliza wala hakukimbilia kichakani. Alipanda mgongoni, akanishika shingo, nikateremka naye mpaka kwa mama yake. Alipofungua kiganja nyumbani, vikofia vyake vya mbegu vilikuwamo vyote.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukimtoa mtoto nje, mwachie yeye mwendo. Redio yangu siku hizi ni simu yako, iache nyumbani. Na usimtishe kamwe kwa hatari isiyokuwapo ili tu akufuate haraka, kwa sababu hatari yenyewe ikija hutakuwa na kitu kingine cha kumpa ila neno lako.

Mungu akujalie Jumapili ndefu na magoti ya kuchuchumaa, na watoto wako wateremke kilimani kwa hiari yao, viganja vimejaa.