Herufi Mbili Zilizofutwa

Hadithi ya Dafroza Mihayo ilianzia kwenye foleni ya sabuni, mtaa wa Iringo, Musoma, mwaka 1984, enzi ambazo hata kiberiti kilikuwa kitu cha kuulizia. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba, mwanamke wa miaka thelathini na moja, hajaolewa, wala si msemaji. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na Boke, muuza samaki wa Nyasho aliyesimama mbele yake, alimwuliza kile kitabu kisicho na jalada alichokishika kina nini. Dafroza akasema amekimaliza na mwisho wake haukumridhisha. Akaanza kusimulia cha kwake.

Kilikuwa cha mji mdogo wa ziwani wenye posta moja. Kijana aitwaye Rajabu anashuka kwenye basi la Bunda, anasema kwao ni Tanga, amekuja kutengeneza redio. Anampenda Hyasinta, binti wa mlinzi aliyeuawa miaka kumi nyuma, ghala la pamba lilipochomwa moto. Kabla ya kukata roho mlinzi alisema sura hakuiona, ila sauti ilikuwa ya mtu wa hapahapa.

Wiki iliyofuata wanawake walimwekea nafasi mbele. Wengine walitaka Hyasinta aolewe upesi, wanaume wenye kazi ya mikono ni wachache. Wengine walitaka akimbie. Dafroza aliona kwamba hadithi za jiji kubwa hazikuwahi kuwagusa hivyo. Kule muuaji ni mgeni kwa kila mtu. Kwao muuaji angeweza kuwa yule aliyekuazima chumvi jana, na mchumba pia ni huyohuyo.

Foleni ya tano, akafika siku moja kabla ya kutolewa mahari. Mvua inanyesha, Hyasinta anamimina chai, Rajabu anatazama dirishani na kusema, "Nilikuwaga napenda mvua."

Dafroza akaishia hapo. Boke akauliza, "Tanga gani hiyo wanasemaga hivyo?" Wakacheka mpaka mwenye duka akachungulia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi: hiyo "ga" ya mwisho ni ya watu wa ziwani, kama wao.

Aliipiga chapa hadithi yote nyuma ya karatasi zilizoharibika za ofisini, akaituma Dar es Salaam. Miaka ikapita, jibu lilikuwa kwamba karatasi hakuna. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, sabuni za kila rangi zikajaa madukani, foleni zikafa, na wasikilizaji wake wakatawanyika. Mwaka 1991 mchapishaji mmoja mdogo alimletea kifurushi cha nakala ishirini na barua fupi. Lugha, barua ilisema, wameisafisha kidogo.

Palepale posta alifungua ukurasa wa themanini na nane. "Nilikuwa napenda mvua," anasema Rajabu. Mstari unaofuata Hyasinta anaweka birika chini na kwenda polisi. Kurasa themanini na nane za mapenzi, halafu msichana anamshtaki mchumba wake kwa kupenda mvua.

Alikisukuma kifurushi chini ya kitanda. Mwezi huohuo ofisini walitangaza kupunguza watu, na jina lake lilikuwa la tatu. Kitabu ndicho kitu pekee ambacho angeweza kuonyesha kwa miaka yake yote, na hakuweza kukionyesha.

Karani wa posta hakujua kutunza siri, habari ikafika Nyasho. Boke alikuja na sato wawili, akaketi, akadai chake. Dafroza akamwambia kitabu kimeharibika.

"Mdogo wangu, nimesubiri miaka saba. Hata kama kimelowa, nipe."

Akampa. Boke alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Foleni ile ilikuwa bado kichwani mwake: akatafuta kwanza ukurasa wa mvua. Dafroza aliendelea kuparua samaki mlangoni, akingoja aibu yake ifike.

"Nilikuwaga napenda mvua," Boke akasoma. Akakomea hapo. "Shetani huyu."

Dafroza akafuta mikono, akaja kutazama juu ya bega lake. Karatasi ilisema "nilikuwa". Kidole kilikuwa bado hapo. Akamwomba arudie.

"Nilikuwaga napenda mvua. Umesikia, au nikuimbie?"

Macho yalisoma cha Dar es Salaam, mdomo ukasema cha Musoma. Dafroza hakumsahihisha. Alijua kwamba Tanga na Morogoro watu watakifunga kitabu pale pale, wakidhani mwandishi hajui kazi yake, na jambo hilo lingemkaa rohoni muda mrefu. Hata hivyo aliinama akavuta kifurushi chini ya kitanda.

Boke akataka nakala ya pili, ya dada yake wa Bukima, kijiji cha hukohuko ziwani. Dafroza akauliza, kwa hofu kidogo, nani atamsomea.

"Atasoma mwenyewe," Boke akasema. "Bukima wanajuaga kusoma."