Bajeti ya Kumpeleka Mama Mkwe Nje ya Nchi

Nimekuwa mhasibu wa shule hapa Tabora kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sijawahi kukosea bajeti ya maharage. Nalitaja hilo mapema ili ieleweke kwa nini nilijiamini siku ile mama mkwe wangu alipotoka Ulyankulu, akafika kwetu Gongoni na kikapu cha viazi vitamu, akasema anataka kwenda Burundi.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavua viatu. Kabla hata ya maji ya kunywa akasema, "Mdogo wangu anapofuka. Nataka aniangalie kabla macho hayajamwisha."

Yeye na huyo mdogo wake waliingia nchi hii wakiwa wasichana, wakikimbia vita. Mdogo mtu alirudi kwao zamani pamoja na mumewe. Mama mkwe alibaki, kwa sababu hapa ndipo alipokuwa na shamba, na watoto, na baadaye kaburi la mume. Tangu hapo walikuwa wakisikilizana kwa simu, pale mtandao ulipokubali.

"Utakaa siku ngapi, mama?" mume wangu akamuuliza.

"Mwezi."

"Mwezi mzima?"

"Siku tatu zitatosha kusalimiana tu."

Kumwacha mwanamke wa umri ule asafiri peke yake hakukuwezekana. Nikateuliwa mimi kumsindikiza, kwa kuwa shule ilikuwa inafunga na kwa kuwa, kama alivyosema mume wangu, najua hesabu. Nilichukua karatasi jioni ileile. Nauli ya treni hadi Kigoma, gari hadi mpakani, gari jingine la upande wa pili, chakula cha njiani, zawadi, dawa, akiba kidogo. Malazi niliandika sifuri, maana tunafikia kwa ndugu. Ukurasa mmoja ulitosha na nafasi ikabaki. Laiti ningeishia hapo.

Kosa alilifanya mume wangu. Alimpigia kaka yake simu, akamwambia, "Mama anakwenda nje ya nchi." Hakusema uongo. Lakini shemeji yangu huyo, anayeuza vipuri vya pikipiki na kuishi Itetemia, aliwahi kwenda Dubai siku nne kufuata mzigo, na tangu arudi hakuna mazungumzo, hata ya msibani, ambayo hayajapitia uwanja wa ndege. Kufikia Jumapili watu wawili walikwishanisimamisha nje ya kanisa kuniuliza baridi ya huko ikoje.

Shemeji aliitisha kikao nyumbani kwake. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na kabla ya ajenda ya kwanza tulikula kuku watatu walioingizwa kwenye gharama za maandalizi. Nilisoma ukurasa wangu. Shemeji alisikiliza akiwa amefumba macho, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Shemeji," akasema, "hii ni bajeti ya kwenda Nzega."

"Burundi si mbali sana kupita Nzega, ukishafika Kigoma," nikasema.

"Nje ni nje. Ukishagongewa muhuri, wewe ni mgeni wa kimataifa. Koti umeweka?"

Sikuwa nimeweka koti. Yakaandikwa makoti mawili. Likaandikwa sanduku la magurudumu, maana kikapu kingetuaibisha. Zikaandikwa dola, tena noti kubwakubwa na mpya, kwa sababu kule nje hela yetu haitambuliki. Tulipofika kwenye malazi akashangaa ile sifuri.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mnakaa siku thelathini. Siku ishirini na nane mtalala wapi?"

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya machungwa muda wote, aliinua uso. "Mimi wakinipa jembe nitalima," akasema. "Kwani mnadhani ninakwenda wapi?"

"Nje ya nchi, mama," akajibu shemeji kwa upole.

"Mimi ninakwenda kwa mdogo wangu."

Katibu hakuliandika hilo. Ikaundwa kamati ya safari, na kamati ikaamua kuwe na sherehe ya kuaga ili watu wachangie. Nilieleza kwamba sherehe nayo ina gharama. Nikaambiwa nisiwe na roho ya kihasibu.

Sherehe ilifana. Turubai, viti, pilau, na vitenge vya sare ambavyo kamati yote ilishona na mama mkwe akakataa kuvaa. Katekista aliwaombea wanaovuka bahari. Wageni walikuja na bahasha, na ndani ya bahasha nyingi mlikuwa na karatasi pamoja na hela. Jirani mmoja alitoa elfu tano na kuagiza simu ya kioo kikubwa. Mwalimu mmoja wa shuleni kwetu alitoa elfu kumi, akaomba nimwangalizie nafasi za masomo.

Hesabu ya mwisho ninayo mpaka leo. Michango ilifika milioni moja na laki nne na nusu. Sherehe ilikula laki sita na elfu kumi. Makoti na sanduku, laki moja na themanini. Posho ya kamati, elfu sitini, na nilipouliza ni posho ya nini nikajibiwa ni ya usumbufu. Tukabakiwa na laki sita, karibu sawasawa na ukurasa wangu wa kwanza. Shemeji alichukua sehemu kubwa ya fedha hizo, akaniletea badala yake noti ya dola mia, imenyooka kama imepigwa pasi, akanikabidhi kwa mikono miwili; zilizobaki zilikuwa za nauli tu.

Tulipanda treni na makoti yetu mkononi, kwa sababu sanduku lilijaa zawadi na bajeti. Nasema kweli: kamati ilichapisha nakala nne zenye saini, kurasa tatu kila moja. Kaliua tulisimama muda mrefu, mabehewa ya kwenda Mpanda yakishughulikiwa, na akina mama wakaja dirishani na asali. Mama mkwe akafungua fundo la kitenge chake, akanunua galoni nzima.

"Mama, asali haimo kwenye bajeti," nikasema.

"Na mimi simo," akasema, akairudisha chenji fundoni. Alikuwa na hela zake za karanga, ambazo hakuna mwanakamati aliyewahi kumuuliza.

Kigoma tulilala kwa jamaa, na asubuhi tukapanda gari la kwenda Manyovu, mpakani. Ofisa wa upande wa pili alitazama hati zetu, akaniuliza tunakwenda kukaa muda gani. Nikasema mwezi. Akauliza kama tuna fedha za kujikimu. Hilo nilikuwa nalingoja tangu Tabora. Nilimpa kurasa tatu.

Alizisoma zote. Foleni nyuma yetu ilikuwa inarefuka.

"Makoti," akasema.

"Ndiyo."

"Ya kuvaa huku kwetu Makamba?"

Nikamwambia kuna kamati. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa na jamaa wa mbali, kisha akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe akamsemesha Kirundi. Wakazungumza kidogo, ofisa akacheka, akagonga mihuri miwili, akaturuhusu. Nilipouliza alimwambia nini, mama mkwe akasema, "Nimemwambia mdogo wangu anaumwa macho. Kumbe na mama yake yeye anaumwa vilevile."

Mdogo mtu anaishi kijijini, juu ya kilima chenye migomba, saa moja na zaidi kwa pikipiki kutoka barabara kuu. Tulimkuta amekaa kizingitini na kanga mpya, amenyoosha mikono mbele kabla hatujafika. Mama mkwe aliweka galoni chini, akapiga magoti mbele yake. Mdogo mtu akamsogeza uso huku na huku, akitafuta pembe ya jicho ambayo bado inaona.

Walikuwa wakisemezana kwa Kirundi, na mimi nilitafsiriwa baadaye.

"Umezeeka," alisema mdogo.

"Huoni. Umejuaje?"

"Ninaona kidogo upande huu. Umezeeka vibaya."

Wakaanza kucheka, na kicheko hakikukaa muda mrefu kikawa kilio. Niliondoka nikaenda kusimama na dereva wa pikipiki, ambaye alikuwa akitazama makoti.

Jioni ile tulipewa wali na soda. Kesho yake wali na soda. Siku ya nne nilianza kuona kwamba wenyeji wanapakua wali wetu halafu wanakwenda kula nyuma ya nyumba. Mtoto mkubwa wa mdogo mtu, mwanamume makini anayejua Kiswahili kwa sababu alizaliwa Ulyankulu, nilimuuliza kama kuna jambo. Akanitolea daftari. Na wao walikuwa na kamati. Ndugu wanatoka nje ya nchi, walikubaliana, na watu wa nje hawali muhogo. Waliuza ndama. Walinunua godoro, wakaazima sahani za kanisani, wakaweka akiba ya mchele wa siku thelathini, na kwenye mstari wa mwisho waliandika kwamba wageni huenda wakachangia dola.

"Dola ninayo," nikamwambia, nikamwonyesha.

Tuliitazama pamoja. Niliitembeza noti ile wiki mbili nzima. Muuza nyanya alishika kichwa. Mwenye duka kubwa kuliko yote sokoni alisema hata akiuza duka lenyewe hana chenji yake. Petroli ilikuwa adimu, pikipiki zilisimama, na kushuka mpaka mjini kuibadilisha kungekula robo yake. Mimi, niliyekuja na fedha nyingi kuliko mtu yeyote pale kilimani, sikuweza kununua kiberiti. Tuliishi kwa asali. Mama mkwe aliigawa kwenye chupa ndogo, nusu akawapa majirani, nusu akabadilishana na maharage, mawese na samaki wakavu.

Wali uliisha siku ya tisa, kwa amri. Mama mkwe aliniuliza, mbele ya wote, "Wewe unapenda huu wali?"

Nilijibu kwa adabu kwamba ni mzuri sana.

"Mimi nimeuchoka. Nilitoka kwangu nikitamani ugali wa muhogo na kisamvu."

Mdogo mtu akasema kwamba yeye ameuchoka tangu siku ya pili, ila alikatazwa kusema. Mchele uliobaki uliuzwa, ikarudi sehemu ya bei ya ndama wao. Kuanzia hapo tulikula vizuri. Asubuhi wale wawili walishuka bondeni na majembe, mkubwa akitangulia na mdogo akishika ncha ya kitenge chake, wakapanda maharage kwa kusikilizana. Mashimo yao yalikuwa yamepinda ajabu. Sikuwahi kuwaona wakipumzika bila kubishana kuhusu jambo fulani la utotoni, nani aliyepoteza mbuzi, nani aliyepigwa.

Siku ya ishirini na nane nilianza kufunga sanduku. Mama mkwe alikuwa akipepeta.

"Wewe nenda," akasema. "Shule inafunguliwa."

"Na wewe, mama?"

"Maharage yametoa majani mawili tu. Utayaachaje?"

Nilimwambia kwamba bajeti ni ya mwezi mmoja, watu wawili, kwenda na kurudi. Hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nitamwachia koti langu, kwa sababu mdogo wake ameona lingefaa kuwafunika kuku wanaolalia.

Nikarudi Tabora peke yangu, na makoti yote mawili yamebaki Burundi. Noti ya dola mia niliirudisha ilivyo. Kikao kiliitishwa Itetemia, kuku wakachinjwa. Shemeji alisoma taarifa yangu mpaka mwisho, akainyanyua ile noti kwenye mwanga.

"Umemwacha mama nje ya nchi," akasema.

"Amekataa kurudi."

"Bila kibali cha kamati?"

Ilipendekezwa ujumbe wa watu watatu uende kumfuata, wakiongozwa na shemeji. Bajeti ya ujumbe ilifika kurasa tano, na walipokuwa bado wanajadili aina ya gari, miezi mitatu ikapita. Ndipo jirani wa Ulyankulu akatupigia kutuuliza mbona hatujaenda kumpa mama pole ya safari, ana siku nne tangu arudi.

Tulikwenda Jumamosi, mimi, mume wangu, shemeji na wanakamati wawili. Tulimkuta uani anachambua mbegu za maharage ya rangi ambayo huku sijaiona. Tulimwamkia kwa zamu, akaitikia mmoja mmoja. Shemeji akamuuliza amesafirije. Akasema alipanda lori la wafanyabiashara wa mawese hadi Kigoma, halafu treni, na kote alikuwa na watu wa kuzungumza nao. Mdogo wake sasa anaona mwanga tu wa mlangoni. Alilisema hilo akiwa ameinamia ungo.

Kisha akatuangalia mikononi, mmoja baada ya mwingine.

"Watu watano," akasema, "mmekuja hata sukari hamna?"

Mume wangu alitoka kwenda dukani. Shemeji alimfuata, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza sukari inatoka fungu gani la bajeti.