Gunzi la Baba Shiro

Juzi nilipita Kabazi nikawakuta binamu zangu wakipiga mahindi kwa fimbo, na kabla sijaweka mkoba chini wakaanza tena: eti Auntie Njoki alikuwa na haki ya kumchapa jirani yetu Baba Shiro? Jameni! Bado mnamhukumu hadi leo?

Mchana ule wa kisa chenyewe, miaka iliyopita, tulikuwa shambani kwa Auntie tukipiga mahindi; vumbi lilituwasha shingo, magunia yalinuka jua, na fimbo zilidunda bila kupumzika. Majirani walikuwa wamekuja kusaidia. Baba Shiro, ambaye hakuweza kufanya kazi bila kuchekesha watu, aliokota gunzi lisilo na punje hata moja akaliinua juu.

"Njoki, shamba lako limefanana nawe. Urefu uko, mazao hakuna."

Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza, tena kwa sauti. Nilidhani anazungumzia mahindi. Sikuwa nimejiuliza kwa nini, kati ya akina mama wote pale, ni shangazi yangu pekee aliyeitwa kwa jina lake, si Mama fulani.

Fimbo ilimpata Baba Shiro begani, mara mbili.

Sasa binamu zangu wanabishana: maneno si ngumi; aa, maneno ni zaidi ya ngumi. Wananichosha. Auntie hakufaa kumpiga, na Baba Shiro hakufaa kufungua mdomo; hilo nalijua bila kikao. Hakuna anayeuliza ni nani aliyecheka. Auntie alisikia. Na jioni, alipoepua githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, alinipakulia mimi kwanza.