Majina Niliyomtajia Mwinjilisti

Tulikuwa watatu jikoni: bibi Nakijwa, aliyemzaa mama yangu, mwinjilisti Elinaja, mtoto wa dada yake bibi, na mimi niliyekuwa bado mtoto. Niliwakumbuka juzi hapa Guangzhou, China, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Sanyuanli kilichojaa marobota ya nguo. Mjukuu wangu Upendo alinisomea kitabu chake cha chuo: zamani huko Ulaya kanisa liliwatesa watu wawataje wenzao, kisha wakachomwa moto.

Siku ile jikoni kulinuka pombe ya miwa, ya tambiko.

“Mama mdogo, ulitambika na nani?” Elinaja akamwuliza bibi.

“Na marehemu. Nenda kawaulize.”

Elinaja akanigeukia kwa upole. “Mama, wewe una kichwa chepesi. Hebu nitajie waliokuja.”

Nilidhani ni kama shule ya Jumapili, anayejua majina mengi anapewa peremende. Nikayataja huku nacheka.

Jumapili iliyofuata, bibi na wote niliowataja wakatengwa na meza ya Bwana, wakakalishwa benchi la nyuma. Bibi alipokufa alizikwa bila kengele ya kanisa. Elinaja alizikwa kwa kwaya mbili, akiitwa mtumishi mwema, na mpaka leo roho inaniuma kwa hasira. Mtu mzima anamtega mtoto kwa kumsifu!

Niliwataja Namkunda, Nanzia, Nakiete na Mama Eliamini. Kama yupo wa tano niliyemsahau, anayejua anisahihishe.