Pikapu iliwaka ikazima, na neno "stata" likamtoa Papa Kabulo nyumbani kwake (Albertville, 1963)

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi kuna kijana kaweka uzi: pikapu yake inawaka vizuri, inanguruma sekunde chache, inazima. Majibu nimeyasoma yote. Badili pampu, badili sensa, uza chuma chakavu.

Nikacheka peke yangu hapa barazani, halafu kicheko kikaniishia. Ugonjwa huo naujua tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, sitii chumvi, na sehemu kubwa yananidhalilisha mimi.

Ilikuwa mwaka 1963, Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, ila wakati huo bado mji unaitwa Albertville.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Nilivuka ziwa nikiwa na miaka ishirini na tatu, leseni mfukoni na kiburi kichwani. Udereva nilijifunza Kigoma chini ya Mwingereza, na nilihakikisha kila mtu pale mjini anajua hilo.

Nikapata kazi kwa tajiri mmoja wa samaki. Wafanyakazi wote tulimwita Patron. Kazi yangu ilikuwa kuchukua samaki bandarini kwa pikapu, kuwapeleka stesheni kuwahi treni ya Nyunzu na Kabalo. Pikapu wenyewe wanaita kamionete.

Fundi wa depo alikuwa Papa Kabulo. Mtu mzima, mpole, mikono mikubwa. Alikuwa amemfanyia Patron kazi miaka kumi na moja, na alikaa na mkewe, Mama Feza, na watoto wao wanne katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya depo.

Huyu mzee alinipokea kama mwanawe. Mwezi wa kwanza sikuwa na sufuria, nilikula kwa Mama Feza. Ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, kila siku, na sikuwahi kuulizwa nitaondoka lini.

Sasa tuingie kwenye mkasa.

Jumatatu moja Papa Kabulo alipata habari kwamba dada yake amefariki Moba. Akaenda kuomba ruhusa. Patron akakataa, akasema samaki hawangoji kilio. Papa Kabulo, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, siku hiyo aliipaza. Depo nzima tulisikia. Mwishowe Patron akampa siku chache, kwa uso wa kununa.

Jioni hiyo hiyo kulikuwa na boti ya kwenda Moba. Kabla ya kuondoka alikuja kwenye pikapu, ameshika kifurushi chake. Alikuwa ameosha kabureta mchana ule. Akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo:

"Mutoto yangu, asubui kamionete ikiwaka na kuzimika, stata njo inakwama. Uirudishe na mukono. Usiguse kitu ingine."

Hiyo "njo" kwao ni "ndiyo" yetu. Nikasema ndiyo Papa. Akaenda.

Asubuhi ya Jumanne nikapakia migebuka ya moshi mwepesi, samaki ambao hawawezi kukaa siku mbili. Nikawasha. Ikawaka. Ikakohoa mara tatu, ikazima.

Nikawasha tena. Ikawaka, ikatoa moshi mweusi, ikazima.

Sikubabaika, maana fundi alikuwa ameshanipa dawa. Stata. Kule Kigoma, na naamini hata kwenu ninyi mnaosoma, stata ni ile mota inayozungusha injini mpaka iwake. Kweli huwa inakwama meno, unaigonga, inaachia.

Nikaingia chini ya gari. Nikaifungua stata, nikaitoa, nikaisafisha, nikaizungusha kwa mkono kama nilivyoagizwa. Nzima kabisa. Nikairudisha, jasho linanitiririka mpaka kwenye macho.

Nikawasha. Ikawaka. Ikazima.

Mafundi mliomo humu najua mmeshaanza kunicheka. Subirini, bado.

Nikaangalia petroli, ipo. Betri, ina nguvu. Nikafungua plagi, nikazikuta nyeusi na zimelowa. Nikazikausha kwa kitambaa, nikazirudisha, nikawasha, ikawaka kidogo zaidi ya mwanzo, nikashangilia, ikazima. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa hadi naona kizunguzungu.

Choki nayo niliifikiria. Kwa wasioyajua magari ya zamani, choki ni kile kibati kinachoziba hewa kwenye mdomo wa kabureta ili injini ya baridi ipate petroli nyingi. Unaivuta kwa kitufe kwenye dashibodi, na injini ikishawaka unarudisha kitufe ndani. Nikatazama kitufe: kipo ndani. Nikasema choki haihusiki.

Hapo ndipo nilipochemka.

Treni ikapiga honi, ikaondoka. Tuliisikia tukiwa pale pale depo.

Patron alifika akiwa amekunja uso. Akaniuliza nani aliishika injini mara ya mwisho. Nikasema Papa Kabulo. Akauliza alisema nini. Na mimi, kwa kujitetea, ili nisionekane dereva mjinga, nikajibu haraka:

"Aliniambia shida ni stata. Nimeifungua mwenyewe, stata ni nzima."

Wakuu, sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu kwa upande wangu. Na ndiyo iliyommaliza mtu.

Patron akasema kwa Kiswahili chake cha depo: "Kabulo nasabote kamionete. Nakwenda Moba, nacheka mimi."

Mnajua miaka ile ilivyokuwa. Mji ulikuwa umetoka tu kwenye vita, kila mtu anamshuku jirani yake. Neno sabotaji, yaani kuharibu kitu makusudi, halikuwa neno la kuchezea. Watu walikuwa wanapotea kwa maneno madogo kuliko hilo.

Mchana akamwamuru mlinzi na mimi tutoe vyombo vya Papa Kabulo nje. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi alisema imekwisha.

Nilishika godoro la Mama Feza kwa mikono yangu hii. Yeye alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaniuliza bila ugomvi wowote:

"Shofere, Kabulo alikosa nini?"

Nikasema sijui, Mama. Nikaendelea kubeba.

Jibu hilo limenikalia miaka yote hii. Nilijua walau nusu ya habari, na nilikuwa nimekula kwake mwezi mzima. Nilisema sijui kwa sababu niliogopa kibarua changu na niliogopa kurudishwa Ujiji mikono mitupu. Hakuna sababu nyingine, sitaki kuipamba.

Mke wa mfanyakazi mmoja wa reli akawapa jiko lake la uani walale. Mama mmoja na watoto wanne, katikati ya masufuria ya mwenzake.

Nilijaribu kuiponya ile gari siku mbili zaidi. Ikawaka, ikazima. Nafsi yangu nayo ilikuwa vilevile, nikitaka kwenda kusema neno kwa Patron nafika mlangoni nageuka.

Ijumaa asubuhi boti ya Moba ikaingia. Papa Kabulo alikuja moja kwa moja depo, kichwa kimenyolewa kwa msiba, kifurushi bado begani. Habari alikuwa ameshazipata bandarini.

Hakuenda kwa Patron. Alikuja kwenye pikapu, akanikuta nimeinama kwenye boneti.

"Nilikuambia nini?"

"Stata, Papa."

"Stata iko wapi?"

Nikamwonyesha ile mota kule chini.

Akafungua mlango, akaweka kidole kwenye kitufe cha dashibodi, kile ninachokiita choki.

"Hii njo stata. Ile ya chini njo demarere."

Wakuu, niliiweka spana chini.

Kumbe wenzetu walijifunza magari kwa Kifaransa. Kwao choki ndiyo inaitwa stata, na stata yetu sisi ni demarere. Mwaka mzima nilikuwa nafanya kazi na wale watu na sikuwahi kulijua hilo, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mjuzi, sikuuliza majina ya vitu.

Papa Kabulo akainua kifuniko cha kichujio cha hewa. Waya wa choki ulikuwa umelegea, na Jumatatu boti haikumpa nafasi ya kuukaza. Kitufe kilikuwa ndani, lakini kile kibati chenyewe kilibaki kimeziba mdomo wa kabureta. Injini ilikuwa inazama kwa petroli, inakosa pumzi. Akakisukuma kibati kwa kidole kimoja, kikafunguka. Hiyo ndiyo "uirudishe na mukono".

Nikawasha. Ikawaka, ikakaa, ikanguruma kwa raha zake.

Na papo hapo nikaelewa na jambo la pili, ambalo lilikuwa baya zaidi. Patron naye alikuwa mtu wa Kifaransa. Nilipomwambia "stata ni nzima", yeye alisikia kwamba nimefungua choki nikaikuta haina shida. Akaona fundi kanipa dawa ya uongo makusudi. Neno moja lilipita kwa watu watatu, na mimi wa katikati ndiye nililigeuza.

Nikamuuliza Papa Kabulo, nifanye nini sasa? Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, anajifuta mikono.

"Mimi natoka kuzika. Sina nguvu ya kuongea na muntu leo."

Basi. Hakunitukana wala hakunituma. Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

Nilizunguka depo mara mbili, nikapiga moyo konde, nikaingia ofisini. Nikamweleza Patron yote: stata ya kwangu, stata ya kwao, demarere, kibati. Nikamwambia mwongo hayupo, aliyepo ni mjinga, na ni mimi. Nikangoja kufukuzwa.

Patron alijishika paji la uso. Akasema: "Rudisha batu ku nyumba."

Nikangoja labda ataongeza pole. Hakuongeza. Mimi mgeni wa mwaka mmoja nilisamehewa papo hapo, na mtu wa miaka kumi na moja hakuulizwa hata swali moja. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Nilirudisha vyombo vyote peke yangu. Mama Feza alinipikia chai. Nilishindwa kuinywa, akanicheka, akasema kunywa Shofere, ni sukari tu, hakuna sumu.

Nilidhani yameisha.

Jumapili, Feza, binti yao wa kama miaka tisa, alinifuata nikiosha gari. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Shofere, ni kweli Papa alivunja kamionete?"

Kumbe kwenye bomba la maji watoto walikuwa wanamwita mtoto ya sabotere. Alikuwa ameacha kwenda kuteka maji. Ofisini nilikuwa nimemsafisha babake, lakini mtaa haukuwepo ofisini.

Basi mimi, Mwislamu wa Ujiji, siku hiyo hiyo nikaenda kusimama nje ya kanisa watu wakitoka misa. Nikasema kwa sauti kwamba nataka kueleza nilivyofungua stata. Watu wakakusanyika. Nikasimulia na kuonyesha kwa vitendo, nilivyolala chini ya gari nikiisafisha mota nzima huku shida iko juu, kidole kimoja tu kingeitoa.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mmoja mnene akapaza sauti: "Kumbe alifungua demarere!" Nikaenda na kwenye bomba la maji, nikarudia. Nikaenda stesheni, nikarudia.

Kufikia Jumatano sikuwa na jina tena. Mji mzima wananiita Demarere. Kiburi cha Mwingereza wangu kiliishia hapo, na sabotere hakutajwa tena na mtu.

Wiki iliyofuata napita na mzigo karibu na bomba, watoto wakaanza: Demarere! Demarere! Kulikuwa na sauti moja inazizidi zote. Nikageuka. Ni Feza, yuko kwenye foleni na ndoo yake, katikati ya wenzake, anacheka mpaka anashindwa kusimama.

Nilipiga honi mpaka kona, na nililia kidogo, sifichi.

Kwako kijana wa juzi: kama gari lako ni la kabureta, inua kichujio, tazama kibati cha choki kama kinafunguka kweli, usiamini kitufe. Kama ni la kisasa, waulize hawa vijana wa sensa, mimi huko siko.

Kwa sisi wengine, nililojifunza ni hili: kabla hujaenda kusema "fulani aliniambia", rudi kwa fulani umuulize alikuwa anamaanisha nini. Mimi ilinitosha kungoja boti ya Ijumaa tu.

Wa Kigoma, Uvira, Bujumbura, Kalemie, na ninyi mafundi wote, leteni yenu. Ni neno gani liliwahi kukuponza, na lilimponza nani pamoja na wewe? Mkitaka kunicheka chekeni tu, nimezoea, na siku ile kicheko kilifanya kazi nzuri kuliko mimi.