Shamba Ndilo Linalojibu

Kutoka Kigoma nilipanda treni mpaka Dodoma, na kutoka Dodoma nikakaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori lililopitia Kondoa na Babati. Safari nzima ilikula siku sita. Utingo wa lori ndiye aliyenitia wazimu wa nyanya. Alisema Arusha siku hizi nyanya hazitoshi, wanunuzi wanatoka mpaka Kenya, na hakuna tena wa kukuuliza umelima nini wala unamwuzia nani. Ilikuwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali zaidi ya msimu mmoja.

Arusha nilibeba magunia sokoni, nikilala mtaa wa Sokon One chumba kimoja na mafundi viatu wawili, mpaka nikajipatia bomba la kupulizia dawa ambalo mwenyewe alikuwa amelichoka. Nikapanda nalo Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, kutafuta shamba la kukodi.

Aliyenikodisha kipande ni mama mmoja mjane, wa miaka hamsini hivi, na akanipa na chumba cha uani. Alipojua nimetoka Kigoma akaniita mtu wa reli, na jina likabaki. Majirani zake walikuwa wanang'oa kahawa, wakisema bei haieleweki, wapande nyanya na kabichi. Yeye ndiyo kwanza alikuwa amepanda miche mipya ya kahawa, kama mia mbili, kila mmoja umefunikwa jani la mgomba dhidi ya jua.

"Wao wanang'oa, mimi napanda," aliniambia. "Mmoja wetu atakuja kuchekwa."

Kwake hakikutupwa kitu. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye migomba, maganda kwa ng'ombe, samadi kwenye kahawa. Hata mfuko wa plastiki niliorudi nao kutoka mjini aliuosha akauanika kwenye kamba kama shati. Mimi niliuona ule ni ubahili, na ulinikera. Nilikuwa nahesabu wiki za nyanya kuiva. Yeye alihesabu miaka, na alifanya hivyo bila haraka yoyote, jambo lililonikera zaidi.

Maji yalitujia kwa mfereji uliotoka juu msituni na kupita mashamba mengi, kila shamba na zamu yake. Zamu ya mama ilikuwa Jumanne na Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza alinionya nisioshe chochote mferejini, hata miguu yenye sabuni. Niliitikia kama mtu anavyoitikia.

Muuza dawa mjini alikuwa amenisisitizia nisafishe bomba mara tu nikimaliza, la sivyo litaziba. Kwa hiyo nilikuwa nachota ndoo, naoshea pembeni, namwaga shimoni. Lakini asubuhi moja mnunuzi kutoka Njiro alikuwa anakuja na pikapu kuzitazama nyanya, na mimi nilikuwa bado na gambuti za matope. Nikalizamisha bomba mferejini, nikalitikisa mara mbili, nikalimwaga humo humo. Maji yalikuwa yanakwenda, nikaona yatakwenda na dawa yake. Nimekulia kando ya ziwa ambalo unaweza kuosha chochote ndani yake na lisijue.

Kabla ya saa sita alikuja jirani wa chini, mwanamke mnene mwenye maneno, amebeba karai. Ndani yake walilala bata sita.

"Shikamoo, dada," alimwambia mama. "Nimekuletea kitoweo. Mtu wako wa reli amekuchinjia bila kisu."

Mama aliwatazama bata, akanitazama mimi.

Mkutano wa mfereji ulikaa Alhamisi, watu wamesimama kingoni na majembe yao. Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno. Nilisimama nikasema ni mimi, mama hakujua, nitalipa bata. Mzee wa mfereji, mwalimu mstaafu mpole, alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma kwa sauti.

"Kijana, wewe huna zamu hapa," akasema. "Hatuwezi kukunyima usichokuwa nacho. Shamba ndilo linalojibu."

Wakafunga maji ya mama. Mvua za masika zilikuwa bado mbali, na miche ile haikuwa na mizizi ya kuvumilia.

Chini bondeni kulikuwa na mto, na njia ya kuushukia ilikuwa kama ngazi isiyo na vidato. Nilianza kubeba ndoo. Ningependa kuandika kwamba nilizipeleka kwenye kahawa. Siku tatu nilizipeleka kwenye nyanya zangu, nikijiambia zikishaiva nitakuwa na nguvu ya kumsaidia vizuri. Siku ya tatu jioni nilimkuta mama amechuchumaa shambani na kikombe cha bati. Alikuwa anagawa maji ya kuoshea vyombo, robo kikombe kwa kila mche, na yalimwishia mstari wa nne.

Kesho yake nyanya hazikupata tone. Nilibeba ndoo kwa ajili ya miche kuanzia alfajiri, na bado kila asubuhi tulikuta mingine imekunjika majani. Nyanya zikanyauka. Mnunuzi wa Njiro alikuja tena, akazitazama akiwa ndani ya gari, akageuza.

Wiki ya pili nilimfuata mzee wa mfereji kwake nikamwuliza maji yatarudi lini. Akasema mama angeweza kuyapata hata kesho. Kanuni ni kwamba shamba likimtoa aliyechafua, linarudishiwa zamu. Walikuwa wamemwambia siku ile ile ya mkutano.

Nilirudi nikamwuliza mama kwa nini hakunifukuza.

"Umekuja peke yako kutoka mwisho wa reli," akasema. "Nikufukuze uende wapi?"

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Kwa miaka mingi nimejiambia niliondoka kwa ajili ya miche yake, na ni kweli. Lakini miguu ilikuwa imeanza kuniwasha hata kabla ya bata, na usiku ule nilifunga mzigo kwa wepesi ambao sikuupenda. Nilihama miji mingine mingi baadaye, bila sababu njema kama ile.

Mama alinipa ndizi za kuchoma, akanishika mkono, akanitaka nisikae bila kuandika barua nyumbani kwetu. Kisha akachukua jembe, kwa kuwa ilikuwa Jumanne, akapanda juu kumsubiri mzee aje kumfungulia. Sikusubiri kuona maji. Nilishuka mpaka barabara ya lami, nikapungia gari la kwanza. Kondakta akaniuliza nakwenda wapi, nikamwuliza wao wanakwenda wapi. Akasema Moshi. Nikapanda.